Chembe za tairi ndani ya zege la pevingi

Tairi kipara likiachwa uani wakati wa masika hushika maji, na maji hayo ndiyo mazalio ya mbu Aedes, yule anayeeneza dengi. Anayelichoma ili apate waya wa kuuza ananiumiza roho zaidi, maana moshi ule mweusi wanauvuta watoto wa mtaa mzima. Mimi hapa Morogoro mpira huo nautia kwenye zege la pevingi, yale matofali ya kutandika chini.

Usihangaike kukata tairi kwa panga. Nenda karakana wanakovalisha tairi kashata mpya, yaani ule mpira wa juu unaokanyaga barabara. Mashine yao hukwangua mpira wa zamani, na chembe zake hubaki sakafuni, hazina waya. Chekecha kwa wavu wa milimita 5.

Kazi yenyewe iko kwenye kuosha. Chembe zimeshika mafuta na dawa za kiwandani, na saruji haikamati kitu chenye utelezi. Chukua kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, gramu 400 kwa lita 10 za maji. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji. Kamwe usimimine maji juu ya soda, itachemka ikurukie usoni. Ndoo iwe ya plastiki, si ya alumini. Vaa glavu na miwani, na watoto wakae mbali. Loweka nusu saa, suuza kwa maji mengi mara kadhaa, kisha anika.

Pima kwa ndoo, si kwa mizani. Mpira ni mwepesi kuliko mchanga zaidi ya mara mbili, hivyo ukibadilisha kilo kwa kilo utajaza mpira tele na zege litakuwa dhaifu. Katika kila ndoo 10 za mchanga natoa moja, naweka moja ya mpira. Vijana wangu hunisihi niongeze, kwa kuwa mpira tunapewa bure na mchanga tunanunua. Nakataa. Mwaka 1993 watafiti Eldin na Senouci walichapisha vipimo vyao: mchanga wote ulipoondolewa ukawekwa mpira, uwezo wa zege kubeba mzigo ulishuka kwa takriban asilimia 65. Kwa hiyo kwenye nguzo, boriti, msingi au jamvi la ghorofa usitie hata konzi moja. Njia ya miguu na ua panafaa sana, kwani zege hili huhimili vishindo na halipasuki ghafla.

Changanya saruji, mchanga na mpira vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie kokoto ndogo, maji mwisho. Mchanganyiko utakuwa mgumu kukoroga kuliko uliouzoea. Usiulainishe kwa maji. Kwenye mashine ya kutikisa, tikisa kidogo tu, kwa sababu mpira huelea. Madoa meusi yakijaa juu, umezidisha. Funika kwa magunia, mwagilia siku 7, na usiuze kabla ya siku 28.

Ukibadilisha vipimo, mimina vibonge vya sentimita 15 kila upande, vyenye mpira na visivyo na mpira, uvipeleke maabara vikapondwe. Karatasi ya majibu namkabidhi mteja pamoja na pevingi zake.