Namna ya Kuisoma Ndege kwa Kutazama Injini Zake Zilipofungwa

Ukitaka kuijua tabia ya ndege kabla haijaondoka ardhini, simama ubavuni mwake, si mbele, kisha jiulize: injini imetangulia ukingo wa bawa kwa kiasi gani, na je, iko juu au chini ya kitovu cha uzito, yaani pale ambapo uzito wote wa ndege husawazika? Kazi ya injini si kusukuma tu, kwani ganda lake, yaani kifuniko kinachoizunguka, na pumzi yake huigusa hewa ileile inayolibeba bawa.

Anza na injini zinazoning'inia chini ya mabawa. Karibu zote zimetangulizwa mbele, kwa sababu ganda likiingia mno chini ya bawa, hewa hubanwa katikati, huongeza kasi, na ukinzani hupanda. Mfano unaostahili kutazamwa kwa makini ni Boeing 737. Iliporuka mara ya kwanza mwaka 1967 ilikuwa na miguu mifupi na injini nyembamba. Lilipokuja toleo la 737-300 mwaka 1984, likiwa na feni kubwa (mapanga yanayozunguka mdomoni mwa injini), nafasi kati ya bawa na ardhi haikutosha, hivyo injini zikasogezwa mbele na ganda likabapishwa upande wa chini. Chungulia mdomo wake: si duara kamili.

Katika 737 MAX, toleo la baadaye lenye feni ya karibu sentimita 176, injini zilisogezwa mbele na juu zaidi. Pua ikiinuka sana, ganda lenyewe huzalisha unyanyuzi, yaani nguvu ya hewa inayoinua juu, na kwa kuwa liko mbele ya kitovu cha uzito, huzidi kuiinua pua. Boeing iliweka programu ya kompyuta ya kuishusha, nayo ikategemea kihisi kimoja, yaani kifaa kinachopima pembe ya ndege dhidi ya hewa. Taarifa potofu za kihisi hicho zilichangia ajali mbili, ya Indonesia Oktoba 2018 na ya ndege iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi Machi 2019, ambazo jumla ziliua watu 346.

Ukipata kiti cha dirishani mbele kidogo ya bawa, tafuta kwenye ganda kijipezi kidogo mithili ya sikio, upande unaokuelekea. Wakati wa kutua, ganda huivuruga hewa inayopanda bawa. Kijipezi hicho huzalisha kisulisuli chembamba kinachopita juu ya bawa na kuifanya hewa ishikamane nalo. Kwenye unyevu wa Mombasa au Unguja, mara nyingine utakiona kama uzi mweupe.

Injini za mkiani, kama za CRJ900 za Uganda Airlines, huliacha bawa safi, na hilo ni faida kubwa. Gharama yake ni bawa dogo la mkia lililopandishwa juu ili kuzipisha injini: pua ikiinuka kupita kiasi, hewa iliyovurugwa na mabawa huufunika mkia, na rubani hukosa cha kuishushia pua. Ndege ya majaribio ya BAC One-Eleven ilianguka hivyo nchini Uingereza mwaka 1963, ikaua wote saba waliokuwamo.

Kwa propela, hewa inayosukumwa nyuma hupuliza bawa moja kwa moja na kuliongezea unyanyuzi, ndiyo maana rubani wa Dash 8, ndege yenye propela mbili mabawani, akipunguza nguvu ghafla, unyanyuzi nao hupungua papo hapo. Cessna Caravan, yenye propela moja puani, ina lake: hewa huuzunguka mwili na kuupiga mkia wima kutoka kushoto, pua ikavutwa kushoto. Inapokimbia ili iruke, tazama usukani wa mkia. Utauona umepinda kulia.