Kusakinisha programu ya Canon EOS bila CD yake

CD ya kamera ikipotea, usihangaike kuitafuta. Programu zilizomo ni za mwaka kamera ilipotoka, na nyingi ni za biti 32, ambazo Mac yenye mfumo wa macOS Catalina (2019) au toleo la baadaye haizifungui kabisa.

Tena huenda huzihitaji. Kama shida yako ni kuhamisha picha tu, chomeka kamera: Windows itaionyesha ndani ya File Explorer, na Mac ndani ya programu yake ya Image Capture. EOS Utility ni ya kuiendesha kamera ukiwa kwenye kompyuta. Digital Photo Professional ni ya kusafisha picha za RAW, yaani picha ghafi za kamera.

Ukizihitaji, zipakue kwenye tovuti ya Canon, ukianza na jina la kamera, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kamera moja huweza kuwa na majina matatu: 600D ya Ulaya na kwetu ndiyo Rebel T3i ya Marekani na Kiss X5 ya Japani. Kamera ya mtumba ikiwa na jina la Kijapani, tafuta kwa jina linalotumika kwenye tovuti ya Canon unayoifungua. Andika namba ya seri iliyo chini ya kamera. Baadhi ya kurasa huidai kabla ya kukuruhusu kupakua. Kisha chagua mfumo wa kompyuta yako. Orodha ikija tupu, chagua Windows ya nyuma kidogo.

Kikwazo kikubwa ni hiki: vifurushi vingi vya zamani ni vya kusasisha tu. Vikianza, hukagua kama toleo la awali limo kwenye kompyuta, visipolikuta, vinagoma. Vitambue kwa neno Updater. Dawa yake ni kifurushi kamili: fungua ukurasa wa kamera mpya zaidi ya EOS, chukua EOS Utility ya hapo, lakini kwanza soma orodha ya kamera inazozikubali. Tovuti za watu baki zinazogawa “draiva za Canon” (programu ndogo za kuiwezesha kompyuta kuitambua kamera) ziache. Windows 7 na kuendelea tayari ina draiva ya kuitambua kamera.

Chomoa kamera. Fungua faili la zip kwanza, usiendeshe programu ikiwa bado ndani yake. Acha intaneti ikiwa imewashwa, sakinisha, kisha zima na uwashe kompyuta. Sasa chomeka kamera yenye betri iliyojaa.

Isipoonekana, mshuku waya kwanza: nyingi za kuchajia simu hazipitishi data. Kisha zima Wi-Fi ya kamera, kwani katika EOS nyingi ikiwaka, USB haifanyi kazi. Bado? Kwenye Windows, fungua Device Manager, bofya kifaa mara mbili, nenda Details kisha Hardware Ids. Ukiona VID_04A9, hiyo ni Canon: waya ni mzima, tatizo liko kwenye Windows. Toleo la Windows lenye herufi N, kwa mfano, halina vipengele vya midia. Ongeza Media Feature Pack kupitia Optional features. Usipoona kifaa chochote kikitokea unapochomeka, jaribu tundu jingine la USB, moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kigawanyo (USB hub) katikati.