SOMO: Jinsi ya kupunguza gharama kwenye duara (shimo) lako la dhahabu

Wakuu, salamu kutoka Mwanza. Wachimbaji wenzangu wa Geita, Misungwi, Sengerema, wengi tunalia dhahabu hakuna kumbe ipo, ila inaliwa na dizeli na karasha (mashine ya kusaga mawe) kabla haijafika sokoni.

Hatua ya 1: Daftari. Andika kila siku lita za dizeli, posho za vijana, msosi, baruti, viroba vya mawe vilivyotoka na gramu za dhahabu, mwisho wa wiki gawanya hela yote kwa gramu. Tuseme imetoka milioni 3 umepata gramu 20, basi kila gramu imekula laki na nusu, hiyo namba ndo ya kuilinda sio wingi wa viroba.

Hatua ya 2: Usibebe mawe usiyoyajua. Hapa ndo hela inapotelea. Kila mnaposogea na mwamba chukua sampo, twanga kwenye kinu, osha kwenye karai uone kinachobaki chini, mawe yasiyo na kitu yapige pembeni, maana jiwe bovu linasafirishwa na kusagwa kwa bei ile ile ya jiwe zuri.

Hatua ya 3: Kompresa, mashine ya hewa ya kuchorongea mwamba. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira, ukiona mapovu yanatutumka hewa inavuja hapo na dizeli yako inaondoka nayo, kaza au badilisha leo hii. Filta ya hewa isafishwe kabla ya kuwasha, vumbi la huku mnalijua.

Hatua ya 4: Mwalo, pale unapooshea mawe yaliyosagwa. Maji yakikimbia sana dhahabu laini inaondoka na tope, punguza mteremko, fua mapema makapeti yanayonasa dhahabu. Na marudio (mchanga unaobaki baada ya kuosha) yapimwe kabla hujamuuzia mtu wa vati anayetoa dhahabu iliyobaki kwa kemikali, watu wanayaachia kwa bei ya bure kabisa.

Matimba, magogo yanayoshikilia duara lisiporomoke, usiguse kwenye kubana matumizi. Ukipunguza magogo unaua watu.

MASWALI

Mdau wa Misungwi: Mkuu, umeme au dizeli?
Kama laini ya TANESCO imepita karibu vuta umeme, ila jenereta ibaki ya dharura, umeme ukikatika pampu inasimama maji yanajaa na vijana wako chini.

Dada wa Nyarugusu: Ritoti (chombo kilichofungwa cha kuchomea zebaki iliyonasa dhahabu) ina faida gani, si ni gharama nyingine?
Dada yangu, ukichoma zebaki wazi unaivuta wewe na watoto, nyingine inaishia kwenye maji na samaki tunaokula. Ritoti inaikamata, unaitumia tena, hununui kila mara.

Kaka wa Mbinga: Sisi tuko kwenye makaa ya mawe, linatuhusu?
Sana kaka, ila nyie pigeni hesabu kwa tani. Makaa ni mzigo mzito wenye bei ndogo kwahiyo lori ndo linakula faida, msiliache likinguruma linasubiri kupakia. Ondoeni udongo wote wa juu kabla ya kuchota, ukichanganyika jivu linapanda mteja anakata bei. Na lundo lifunikeni msimu wa mvua, msije mkasafirisha maji mpaka kiwandani.