Kununua nyumba kwenye esteti mpya za jangwani Arizona: anza na maji, jikoni utaangalia baadaye

Ndugu zangu mlioko Phoenix, Glendale, Tempe na bonde hili lote, naona watu wetu wengi saa hizi wamechoka na rent inayopanda kila mwaka na wameanza kwenda kuangalia zile esteti kubwa zinazojengwa jangwani, Verrado na Teravalis kule Buckeye, Vistancia kule Peoria, Eastmark kule Mesa, na zingine ambazo hata majina yake hatujayazoea. Ni sehemu nzuri kusema kweli. Mji unachorwa wote kabla hata barabara haijachongwa, inajulikana shule itakaa wapi, paki wapi, maduka wapi. Teravalis peke yake ni kama ekari 37,000 na mpango wao ni nyumba kama laki moja, yaani mji mzima mahali palipokuwa na dungusi tu.

Sasa tatizo ni kwamba ukifika pale unapokelewa kwenye nyumba ya maonyesho, baridi ya esii, jikoni lina kaunta ya mawe, watoto wanakimbilia vyumba vya juu wanagawana, na kabla ya saa moja kuisha ushaanza kuongea habari ya dipoziti. Mimi nakuomba hivi: usikubali kuongea habari ya dipoziti kabla hujaisoma karatasi moja inaitwa Public Report. Iombe kwa jina hilo hilo. Sheria ya Arizona inasema esteti ikiwa na ploti sita au zaidi lazima mwenye kuuza awe na hiyo ripoti kutoka Arizona Department of Real Estate, na lazima upewe na usaini kwamba umeipata. Wengi wanaisaini katikati ya rundo la makaratasi bila kuifungua, na mle ndani ndio kuna kila kitu: maji yanatoka wapi, kama ploti iko njia ya mafuriko, ushuru, HOA (chama cha wenye nyumba wa esteti, kina ada na kanuni zake), shule, kama ndege zinapita juu yako (ukiwa karibu na Luke Air Force Base kule Glendale utazisikia F-35 vizuri sana). Ipeleke nyumbani, isome na mtu anayejua kingereza cha makaratasi.

Anza na ukurasa wa maji. Tangu sheria ya maji ya chini ya ardhi ya 1980, eneo la Phoenix lina masharti kwamba anayejenga esteti lazima aonyeshe kuna maji ya miaka 100, na bila hivo hauzi. Halafu Juni 2023 serikali ya jimbo ikatoa hesabu mpya ikaonekana maji ya visimani hayatatosha mahitaji ya miaka hiyo 100, ndio gavana Katie Hobbs akatangaza kwamba esteti mpya za kutegemea visima peke yake hazipewi tena cheti cha hayo maji ya miaka 100, na walioguswa sana ni hizi sehemu za pembeni kama Buckeye na Queen Creek. Waliokuwa na cheti tayari waliendelea kujenga. Kwa hiyo ukimuuliza muuzaji "kuna maji?" atakwambia yapo, na hadanganyi, swali lako halikutosha. Muulize hii awamu ninayonunua mimi ina cheti chake cha miaka 100, ama inahudumiwa na mji ambao una kibali cha mji mzima kama Phoenix, Mesa au Peoria? Na maji yenyewe ni ya mto Colorado kupitia mfereji mkubwa unaoitwa CAP, ni ya mito ya Salt na Verde, ama ni ya kisima? Jibu lake lilinganishe na ripoti. Yakitofautiana, amini ripoti.

Na kuna mtu atakuletea habari ya nyumba ya bei rahisi nje kidogo ya mji, ekari nzima, hakuna HOA, unafuga hata mbuzi. Hapo simama kwanza. Kuna watu wanagawa ardhi vipande vitano vitano hivi ili isihesabiwe kuwa esteti, na hapo lile sharti la miaka 100 haliwagusi. Rio Verde Foothills ilijengwa sana kwa njia hiyo, mamia ya familia zikitegemea maji ya lori kutoka mji jirani wa Scottsdale, na Januari 2023 Scottsdale wakafunga kwa sababu ya ukame wa mto Colorado. Watu walikuwa na nyumba za bei kubwa na wakawa wanakinga maji ya mvua. Sisi tunaotoka kwenye shida ya maji tunajua maana yake, tusiwalipie watu pesa yetu yote ili turudi huko.

Baada ya maji, jua. Kuanzia Juni 30 mpaka Julai 30, 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo digrii 110 au zaidi, hiyo ni selsiasi 43, na mwaka huo kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Usiende kuangalia ploti asubuhi mwezi wa pili wakati kila mtu anasifu hali ya hewa, nenda saa kumi na moja jioni mwezi wa saba, simama pale pale ploti ilipo. Angalia madirisha makubwa yanaangalia wapi. Yakiangalia magharibi jua la jioni litaingia hadi sebuleni, na kama stima yako ni ya kampuni ya APS kwenye plani ya masaa (bei inabadilika kufuata saa), ile bei ya juu ni saa kumi jioni mpaka saa moja siku za kazi, yaani esii inakimbia sana wakati stima ni ghali zaidi. Ploti ya nyuma kuangalia kaskazini ni afadhali, na wakikuongezea pesa kidogo kwa hiyo ploti lipa, utapunguza kwenye kaunta ya jikoni.

Pesa sasa. Ile bei kwenye bango sio unayolipa kwa mwezi. Ongeza HOA, halafu uliza kama kuna CFD, huo ni ushuru wa kulipia barabara na mabomba ya esteti mpya (Eastmark iko nayo), halafu uliza kama ploti iko chini ya CAGRD (shirika la kurudisha maji ya chini ya ardhi), maana zile zilizo chini yake zinachajiwa gharama ya kurudisha maji ardhini kupitia bili ya ushuru wa ardhi. Na jambo linaloumiza wengi: mwaka wa kwanza ushuru unaweza kuhesabiwa kama ploti tupu, mwaka unaofuata wanahesabu nyumba, mogeji (malipo ya mkopo wa nyumba ya kila mwezi, mara nyingi ushuru umo ndani yake) inaruka ghafla na mtu anadhani benki imemuibia. Mwambie mkopeshaji akupigie hesabu na ushuru wa nyumba iliyokamilika. Mkopeshaji wa bilda atakupa ofa nzuri ya kulipiwa gharama za kufunga mauzo, ni sawa, lakini chukua karatasi kutoka kwa wengine wawili ulinganishe riba kwa miaka yote.

Kanuni za HOA zisome kwa maisha yetu tulivyo. Jumapili magari kumi nje, wageni wa wiki tatu kutoka nyumbani, kuchoma nyama, shangazi anataka kupanda sukuma mbele ya nyumba, yote hayo kuna kipengele. Wakikupiga faini usipuuze, na ada ya HOA usiache kuilipa, deni la ada linaweza kushikilia nyumba yenyewe.

Ajenti wako mwende naye siku ya kwanza kabisa, ukishajiandikisha peke yako mabilda wengi hawamtambui tena. Na inspekta umlipe wewe mwenyewe hata kama nyumba ni mpya na mji umeipitisha, aje kabla kuta za ndani hazijafunikwa ili aone waya, paipu na insuleshen, aje tena kabla hujachukua funguo. Muulize pia udongo, maana upande wa Queen Creek na San Tan kuna nyufa za ardhi zinazotokana na kuvuta maji ya chini, na Arizona Geological Survey wana ramani ya bure. Slabu nyingi zina nyaya za chuma zilizovutwa ndani, usitoboe sakafu kamwe. Nge watakuwepo, nunua tochi ya mwanga wa zambarau upite nayo usiku kwenye ukuta wa nyuma.

Warranti ya mwaka mmoja ikibaki mwezi kuisha, mrudishe yule inspekta, kiangazi kimoja kikishapita milango, madirisha na esii zitakuwa zimeonyesha kasoro zake. Andikia bilda kwa imeili, sio kwa mdomo. Akikupiga chenga una miaka miwili tangu kufunga mauzo au kuhamia, kinachotangulia, kupeleka malalamiko Registrar of Contractors, na hao ndio wanaoshikilia leseni yake.