Dogo kabadilika ghafla? Vitu vya kuangalia kabla hali haijawa mbaya

Wengi wetu tunasubiri mpaka mtu aanze kuokota makopo ndo tuseme huyu anaumwa. Ugonjwa wa akili hauanzi hivyo. Unaingia kimya kimya, na unawapata sana vijana, mfano skizofrenia (ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini vitu ambavyo havipo) wanaume wengi inawaanza kuanzia miaka ya mwisho ya utineja mpaka 20 na kitu, wanawake mara nyingi wanachelewa kidogo. Yaani umri uleule wa chuo na kutafuta kazi, ndo maana dalili tunazipa majina mengine, mara anaringa, mara kaachwa na demu, mara bangi hiyo.

Mi nimejifunzia kwa mdogo wangu, alikuwa na miaka 21, mwaka wa pili chuo.

Cha kwanza, usimlinganishe na wenzie, mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Mtu aliyezaliwa mkimya akikaa kimya hamna shida. Ila mtu aliyekuwa hakosi kibanda umiza afu leo hajui hata Simba na Yanga wamecheza lini, hapo shtuka.

Usingizi ndo uangalie kuliko vyote. Mdogo wangu alianza kulala asubuhi na usiku anatembea tembea chumbani, mi nikajua anatumia bando la usiku. Afu akaacha kuoga. Chai nilikuwa namuwekea mlangoni, jioni naikuta palepale imeganda utando juu. Akabandika magazeti dirishani, akatoa laini kwenye simu eti wanamsikiliza, nikamuuliza kina nani, akaniangalia kama na mi nimo. Sapu tatu semista ile, na huyu form six alipata wani.

Sonona inakuja kivingine, wiki mbili au zaidi mtu hana hamu na chochote, mwili mzito, na kwa wanaume mara nyingi utaiona kama hasira na pombe, sio machozi. Baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, ikimpandisha inadanganya zaidi, halali siku tatu na wala hachoki, anaongea haraka haraka, bumu lote kalimaliza kwa siku moja kwenye biashara ya ajabu, na watu wanamsifia mpambanaji.

Chukua daftari, andika unachoona na tarehe. Daktari atauliza ilianza lini na nyie wote mtaanza kuangaliana, sisi tulibishana mbele yake.

Kuongea naye msimkalishe kikao cha ukoo. Mtafute mkiwa wawili, mnafua au mnachambua maharage, mwambie "naona siku hizi hulali, kuna nini?" Kama anasikia sauti usibishane naye na usijifanye unazisikia, mwambie tu mi sizisikii ila naona zinakutesa. Na muulize wazi kama anawaza kujiua, kuuliza hakumpi wazo jipya. Akisema ndiyo usimwache peke yake, toa ndani sumu ya panya, dawa za shamba, vidonge vyote, na hospitali ni siku hiyohiyo.

Pa kuanzia ni hospitali ya wilaya au ya mkoa, ulizia kliniki ya afya ya akili, wakishindwa watawapa rufaa. Najua jina la Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, watu wanalifanyia utani lakini ni hospitali kama nyingine, watu wanatibiwa na kurudi nyumbani. Ila mtu akichanganyikiwa ghafla na ana homa hiyo inaweza kuwa malaria kali au kitu kingine kichwani, kimbia naye saa hiyohiyo.

Mama alitaka maombi kwanza, ikapita miezi minne, na ugonjwa huu ukichelewa kuutibu unakuwa mgumu zaidi. Sikatazi maombi, nendeni navyo vyote, ila kumfunga kamba au kumnyima chakula hapana. Na bangi kweli inaongeza hatari hasa kwa aliyeanza mdogo, lakini msiishie kwenye bangi mkaacha kumpima.

Kuna jambo sisi hatukuambiwa, siku ya tatu ya dawa shingo ilimkakamaa ikageukia pembeni, ulimi ukawa mzito, tukajua dawa zinamuua, tukaziacha wenyewe na kila kitu kikarudi upya. Kumbe hiyo inatokea kwa baadhi ya dawa hizi na ina dawa yake, unarudi hospitali siku ileile wanamtuliza, wanampunguzia dozi au wanambadilishia. Msiziache wenyewe hata akionekana kapona.

Ikitaka kurudi mara nyingi inaanzia palepale kwenye usingizi. Sasa hivi saa nne usiku kashalala, ila mi kila nikiamka kwenda chooni lazima niangalie chini ya mlango wake kama taa inawaka.