Somo: Namna ya kuitazama Ranma ½ kwa mpangilio bila kupotea kwenye misimu

Wakuu, kila mtu akiomba anime (katuni ya Kijapani) ya shule yenye mapigano ya kweli na kicheko ndani yake, jina la Ranma ½ halikosi kutajwa. Baada ya wiki mbili yule yule anarudi analalamika: nimeanza msimu wa nne, mbona kuna mambo siyaelewi?

Yamenikuta mimi mwenyewe. Msimu wa tatu niliuchukua kwenye flashi ya jamaa mmoja, wa nne nikauchukua kwa mwingine. Nikaruka episodi tano bila kujua, na kwa muda mrefu nikawalaumu watunzi kwamba wanarukaruka. Watunzi hawakuwa na kosa. Kosa ni neno "msimu", ambalo kwenye anime hii lina maana tatu tofauti kutegemea umelikuta wapi.

Kwa wageni, kwa ufupi. Ranma Saotome ni kijana aliyelelewa na baba yake kwenye mafunzo ya mapigano. Walipofika China kufanya mazoezi kwenye chemchemi za Jusenkyo, zenye laana, kila mmoja akatumbukia kwenye yake. Tangu siku hiyo Ranma akimwagikiwa maji baridi anageuka msichana, na maji ya moto humrudisha kuwa mvulana. Baba yake hugeuka panda. Wanarudi Japani, kwenye dojo, yaani ukumbi wa mafunzo ya mapigano, ya familia ya Tendo iliyoko Nerima, Tokyo, ambako wazazi walishamchumbia Ranma binti mdogo wa nyumba hiyo, Akane, bila kuwauliza wenyewe. Shule wanayosoma ni Furinkan, na pale kila asubuhi kundi la wavulana linamsubiri Akane getini ili lipigane naye, kwa sababu Kuno, nahodha wa kendo (mapigano ya panga za mianzi), alishatangaza kwamba anayemtaka lazima amshinde kwanza. Sasa tuingie kazini.

HATUA YA 1: Jua uliyonayo ni ipi

Ranma za kuchora zipo mbili. Ya zamani ilitengenezwa na Studio Deen na kuonyeshwa Fuji TV kuanzia 1989 hadi 1992. Mpya imetengenezwa na studio ya MAPPA, ikaanza Oktoba 2024 kwenye Nippon TV na kwenye Netflix. Mpya haiendelezi ya zamani. Inaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza wa manga, yaani hadithi ya kuchorwa vitabuni, ya Rumiko Takahashi. Kwa hiyo ukikuta "msimu wa 2" kwenye Netflix, huo ni msimu wa pili wa anime mpya, ulioanza Oktoba 2025, na hauna uhusiano wowote na "msimu wa 2" ulioandikwa kwenye diski za zamani. Nusu ya maswali ninayoulizwa yanaishia hapa.

HATUA YA 2: Anza na zile 18

Anime ya zamani ilianza Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 1989 na ikasimama Septemba mwaka huo huo baada ya episodi 18. Usiziruke hata kama mtu amekwambia picha zake zimezeeka. Humo ndimo wanamoingia Kuno, dada yake Kodachi mwenye utepe wa jimnastiki, na Ryoga, yule jamaa anayeweza kupotea akitoka chumbani kwenda uani. Shampoo, msichana wa Kichina aliyekuja kumuua Ranma wa kike kisha akampenda Ranma wa kiume, anaingia karibu na mwisho.

Mpaka hapa hakuna anayepotea. Ubishi unaanza hatua inayofuata.

HATUA YA 3: Nettohen, na hesabu yake

Mwezi mmoja baadaye, Ijumaa ya tarehe 20 Oktoba 1989, anime ikarudi kwa jina la Ranma ½ Nettohen, yaani sehemu ya mapambano makali. Hadithi ni ile ile na wahusika ni wale wale, lakini hesabu ikaanza upya kutoka moja. Ikaenda hadi tarehe 25 Septemba 1992, episodi 143. Ukijumlisha na zile 18 unapata 161.

Mtu akipata faili lenye jina "Nettohen 01" anadhani ndio mwanzo wa kila kitu. Anakuta Shampoo tayari anamkimbilia Ranma kwa mapenzi, Ranma anajua kwamba nguruwe mweusi mdogo wa Akane ni Ryoga aliyegeuka lakini Akane mwenyewe hajui, na yeye mtazamaji hajui lolote. Dawa ni moja: kila namba ya Nettohen iongezee 18. Nettohen ya kwanza ni episodi ya 19, ya kumi ni ya 28. Andika namba hizo kubwa kwenye daftari au kwenye simu, na usitumie nyingine.

Sasa diski. Marekani anime hii ilitolewa na kampuni ya VIZ, na wao wakaikata mara mbili kwa namna mbili. Kwenye DVD waliigawa misimu saba, kila msimu na jina lake:

Digital Dojo: 1 hadi 18
Anything-Goes Martial Arts: 19 hadi 40
Hard Battle: 41 hadi 64
Outta Control: 65 hadi 88
Martial Mayhem: 89 hadi 112
Random Rhapsody: 113 hadi 136
Ranma Forever: 137 hadi 161

Walipokuja kutoa Blu-ray kuanzia 2014 wakaiacha migawanyo hiyo. Walichukua 161 wakagawa kwa saba, wakapata 23 kila kasha, basi. Kasha la kwanza 1 hadi 23, la pili 24 hadi 46, la tatu 47 hadi 69, la nne 70 hadi 92, la tano 93 hadi 115, la sita 116 hadi 138, la saba 139 hadi 161.

Umeshaona nilivyonaswa? Msimu wangu wa tatu ulitoka kwenye DVD, ukaishia 64. "Wa nne" ulitoka kwenye Blu-ray, ukaanzia 70. Zile tano za katikati zikapotelea hewani. Ungefanya kinyume, ukatazama kasha la tatu la Blu-ray halafu msimu wa nne wa DVD, ungerudia 65 hadi 69 na kudhani umechoka.

Kwa hiyo kabla ya kunakili chochote kwa mtu, hesabu faili zilizomo ndani ya folda. Zikiwa 23, hiyo ni Blu-ray. Zikiwa 18, 22, 24 au 25, hiyo ni DVD. Ukianza na mgawanyo mmoja, malizia na huo huo.

HATUA YA 4: Filamu na OVA

Filamu ni tatu: 1991, 1992 na 1994. Ya kwanza wanakwenda China kumfuata Akane aliyetekwa, ya pili wanakwama kwenye kisiwa, ya tatu ina nusu saa tu na ndani yake kuna ndege wa kichawi. Hakuna hata moja inayobadilisha hadithi kuu. Mimi huziweka baada ya 161 kama kitafunwa, ila ukizitazama ukiwa katikati ya Nettohen hutaharibu kitu, mradi umeshawajua wahusika.

OVA, yaani zile episodi zilizotengenezwa ziuzwe kwenye kanda bila kupita kwenye ratiba ya televisheni, zilitoka kuanzia 1993. Hizi msizidharau. Mwalimu Hinako, yule mwalimu wa Kiingereza anayefyonza nguvu za wanafunzi watukutu kisha kutoka umbo la mtoto kuwa mwanamke mzima, kwa upande wa anime ya zamani utamkuta humo tu. Kuna na moja ya 2008 iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya kazi za Takahashi. Iweke mwisho kabisa.

HATUA YA 5: Mpya

Msimu wa kwanza una episodi 12. Unaufuata mpangilio wa manga kwa karibu, na episodi za kujaza ratiba, ambazo Nettohen inazo tele, hapa hakuna. Kilichonigusa mimi ni sauti: Kappei Yamaguchi bado ni Ranma wa kiume, Megumi Hayashibara bado ni Ranma wa kike, Noriko Hidaka bado ni Akane. Miaka 35 ilipita kati ya 1989 na 2024! Funga macho usikilize uone kama utajua ipi ni ya mwaka gani.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti wa Mtwapa: Kaka, lazima nitazame ya zamani kabla ya mpya? Episodi 161 ni nyingi, nina mtihani.

Jibu: Si lazima, dada. Anza na mpya, ndiyo rahisi kwa mtu mwenye mtihani. Ya zamani iache kwa likizo, utaifurahia zaidi ukishawajua wahusika.

Mzee wa Kanda: Nilitazama ya Kiingereza. Katikati sauti ya Ranma wa kiume ikabadilika. Nikadhani nimeuziwa kitu feki.

Jibu: Hukuuziwa feki, mzee wangu. Kwenye sauti za Kiingereza zilizorekodiwa Vancouver, Kanada, Ranma wa kiume aliigizwa na mwanamke, Sarah Strange, kwa misimu mitatu ya kwanza ya DVD. Kuanzia wa nne akaingia Richard Ian Cox. Ranma wa kike kwa sehemu kubwa aliigizwa na Venus Terzo. Sikio lako ni zima.

Kijana wa Goma: Mimi nafanya karate. Hii mitindo yao ipo kweli ama wanatunga tu?

Jibu: Kendo ya Kuno ipo, na jimnastiki ya utepe ipo, ila hakuna anayepigana nayo kama Kodachi. Mtindo wa dojo ya Tendo, Musabetsu Kakuto, maana yake mapigano yasiyobagua, yaani chochote kinaruhusiwa, huo umetungwa. Ndiyo maana Takahashi anaweza kuufanya kila kitu kuwa mchezo wa ngumi: kupeleka oda ya tambi, sherehe ya chai, hata kula. Kuna mbinu Ranma anajifunza kwa kuokota njugu za chestnut zinazochomwa motoni bila kuungua vidole. Usijaribu kwenye jiko la mkaa, tafadhali.

Mama Wawili: Wanangu wana miaka saba na tisa. Wanaweza kutazama?

Jibu: Mimi nisingewawekea bila kukaa nao, mama. Ni vichekesho, lakini Ranma anapogeuka msichana bafuni kifua huonekana, hasa kwenye ya zamani. Tena kuna kizee Happosai ambaye kazi yake ni kuiba nguo za ndani za wanawake. Tazama episodi mbili tatu peke yako kwanza.

Bando Limeisha: Msimu mpya unakula GB ngapi kwa simu?

Jibu: Kwenye programu ya Netflix ingia mipangilio ya matumizi ya data uchague ile ya kubana. Wenyewe wanasema GB moja inatosha kama saa sita. Episodi 12 hazifiki saa tano. Usipobana, usije kunilaumu. Penye Wi-Fi pakua kabisa utazame baadaye.

Mpenda Panda: Umesahau ile ya watu halisi ya 2011.

Jibu: Sikuisahau, niliiacha. Ni tamthilia moja tu iliyoonyeshwa Nippon TV Desemba 2011, Yui Aragaki akiwa Akane, Kento Kaku akiwa Ranma wa kiume. Panda ni mtu aliyevaa vazi la panda. Ukitaka kucheka mara moja na familia, sawa, ila haimo kwenye mpangilio.

Mtu wa Mwisho: Mkuu, nimemaliza 161 jana usiku. Ndio mwisho? Mama yake Ranma katokea, halafu basi? Harusi iko wapi?

Jibu: Pole. Anime ya zamani ilisimama 1992 wakati manga ilikuwa bado inachapwa kwenye jarida la Shonen Sunday hadi 1996, kwa hiyo mwisho wenyewe haukuwa umeandikwa. Vita ya mwisho ya kule China, dhidi ya Saffron, haimo kwenye anime ya zamani wala OVA zake. Iko kwenye manga, vitabu 38, sura 407. Anzia vitabu viwili vya mwisho kama huna subira. Harusi ipo. Kama inafika mwisho salama au haifiki, hilo sikwambii.