SOMO: Tufe la dunia la karatasi linalokunjika

Wakuu, maswali ya hili jambo yamenijaa kwenye ujumbe wa faragha, sasa nalimaliza hapa. Tunatengeneza tufe la kipenyo cha sm 12, kadiri ya lile la mchora ramani Martin Waldseemüller la 1507, lililochapwa kama majani 12 ya kukata (vipande vyenye umbo la jani, vyembamba kwenye ncha).

1. Andaa manila ya A3, rula, wembe, gundi, uzi.

2. Chora ikweta ya sm 37.7 na ulimi wa sm 1 mwishoni. Igawe sehemu 12 za sm 3.14.

3. Katikati ya kila sehemu simamisha mstari, sm 9.42 juu na sm 9.42 chini.

4. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ukiunganisha ikweta na ncha kwa mstari ulionyooka, utapata koni mbili zilizogeuziana. Jani lazima liwe na tumbo kama la mwembe. Ukipanda au kushuka kutoka ikweta sm 3.14 (latitudo 30) upana uwe sm 2.72, sm 4.71 (latitudo 45), upana 2.22, sm 6.28 (latitudo 60), upana 1.57. Unganisha alama kwa mkono mtulivu. ANGALIZO: kabla ya kuchora, pinda karatasi taratibu pande zote mbili. Upande inakojiviringisha kirahisi ndio uwe urefu wa jani, la sivyo majani yatavunjika badala ya kupinda.

5. Bakiza kiduara kila ncha, kitoboe. Kata, lakini usiguse mm 4 juu na chini ya ikweta.

6. Gandisha ulimi, pitisha uzi kwenye matundu ya juu, mwingine chini, vuta. Ukilegeza, linalala bapa.

Mdau wa Moro: Mkuu, nikikata tu ramani ya ukutani vipande 12 si inatosha?

Mwandishi: Haitoshi. Ramani ya Mercator (ile ya mstatili ya ukutani) latitudo 60 ina upana uleule wa ikweta. Tufe linataka nusu. Rudi hatua ya 4.

kijana_wa_kazi: Weka vipimo vya sm 30 basi.

Mwandishi: Zidisha kila kipimo cha urefu na upana kwa 2.5.

Bi Mkubwa: Mwalimu, shikamoo. Waliotengeneza matufe ya kukunja zamani walifuata njia hii?

Mwandishi: Marahaba, swali zuri sana hilo. Majani ni yaleyale, kinachoyashikilia ndicho kilichobadilika. John Betts wa London, katikati ya karne ya 19, aliichapa dunia juu ya kitambaa na kukitia mbavu za mwavuli: unafungua, unafunga, unabeba. Baadaye kampuni ya George Philip & Son ikaendelea kulitoa. Kabla yake, 1830, George Pocock wa Bristol alitoa tufe kubwa la karatasi la kujazwa hewa. Huyohuyo ndiye aliyebuni gari la kuvutwa na tiara! Binafsi namweka Betts juu, maana mwavuli wake haumtegemei mtu mwenye pumzi.

Bi Mkubwa: Ahsante. Mimi uzi nimeweka mshipi wa kuvulia, hauonekani kabisa.

Mwandishi: Mshipi ni mzuri ila unakata matundu. Gandisha kijiduara cha pili cha manila kwenye kila ncha kabla ya kutoboa.

Mdau wa Moro: Nimerudia hatua ya 4. Limekaa.